Saa Inayokubali Kufunguliwa

Saa ya mishale ina jambo moja ambalo watu wa pwani hulitumia kila siku bila kulitaja. Ikifika saa moja ya asubuhi, mshale mfupi huwa umeelekea 7, na mkabala wake, upande wa pili wa duara, ipo 1. Ukielekea 8, mkabala pana 2. Ukisimama juu kwenye 12, chini yake pana 6, na ndiyo saa sita ya mchana. Mishale mingi ya zamani ilikatwa ikiwa na mkia mfupi unaovuka katikati ya uso wa saa. Mkia ule, katika saa iliyoundwa Uswisi na fundi ambaye huenda hakuwahi kusikia habari za nchi hii, husoma saa za Kiswahili mchana kutwa na usiku kucha.

Saa ya tarakimu haina mkabala. Ikiandika 7:00 basi ni 7:00, na mtu atoe sita kichwani. Twaitoa haraka, tumeizoea. Lakini kwenye duara hakuna cha kutoa: jicho linavuka upande wa pili na jibu lipo pale likisubiri. Kwangu mimi hapo ndipo mapenzi ya saa za zamani yanapoanzia, kabla hata ya kufika kwenye dhahabu, majina makubwa na bei.

Hapa Dabaso, kati ya Gede na Watamu, hesabu ya saa kuanza na jua ina maana yake. Tupo nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, na mwaka mzima macheo hayasogei zaidi ya takriban nusu saa. Mwanzoni mwa Novemba jua hutoka saa kumi na mbili ikikaribia. Februari hutoka karibu na saa kumi na mbili na nusu. Huo uchelewaji una sababu yake. Saa rasmi ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tupo nyuzi 40, kwa hiyo jua la utosi hutufikia kwa wastani dakika 20 baada ya saa kutimiza adhuhuri. Maji ya hori ya Mida nayo yana mwendo wake. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Anayefuata kaa kwenye mikoko huijua bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi, na hajawahi kuhitaji kuvaa chochote mkononi ili aijue.

Pale Gede, mwendo mfupi kutoka hapa, lipo kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Waliomzika mwenzao pale waliswali kwa wakati bila gurudumu hata moja lenye meno. Kivuli cha kitu kikilingana na urefu wa kitu chenyewe, juu ya kile kivuli kilichobaki wakati wa adhuhuri, alasiri imeingia. Nayataja haya kwa sababu saa ya kutia ufunguo ni ndugu wa kivuli kile. Iliundwa ilifuate jua, ikosee kidogo, kisha mwenyewe aitie majira.

Tuifungue sasa. Ndani hakuna umeme. Ipo kamani, utepe wa chuma uliozungushwa ndani ya kopo dogo. Unapozungusha ile taji ya pembeni kwa kidole gumba na cha shahada, unachoweka mle ni nguvu ya mkono wako, nayo hutoka polepole kwa muda wa saa 30 hadi 40. Saa inayokuamsha alfajiri inakwenda kwa nguvu ya vidole vyako vya jana. Nguvu hiyo hupita kwenye magurudumu manne au matano, kila moja likienda kasi kuliko lililotangulia, na kama ingeachiwa ingeisha yote mara moja. Kinachoizuia ni uma mdogo wenye vipande viwili vya yakuti. Huushika mwendo, huuachia, huushika tena. Mlio wa saa tunaousikia ni wa kushika na kuachia huko.

Anayeuamrisha uma huo ni gurudumu la mizani, linalokwenda huku na kurudi likivutwa na kamani nyingine, nyembamba mithili ya unywele. Christiaan Huygens, Mholanzi, ndiye aliyeitangaza saa ya kwanza yenye kamani hiyo ya unywele mwaka 1675, miaka 23 kabla ya Waomani kuwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu kule Mombasa. Tangu wakati huo mabadiliko yamekuwa mengi, lakini Huygens angefufuka leo na kufunguliwa saa ya mkono ya 1960 angejua aanzie wapi kuisoma. Saa nyingi za enzi hiyo hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 432,000 kwa siku. Na yale maneno ya mawe 17 yanayoandikwa usoni si ya kujipamba. Ni yakuti zilizotobolewa, zikapachikwa mahali ambapo ncha za magurudumu huzunguka, kwa sababu chuma kikisuguana na jiwe gumu laini huchukua miaka mingi kulika.

Watu husema saa hizo hukosea, na ni kweli. Saa nzuri ya zamani iliyotunzwa inaweza kupotea sekunde 10 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Ni kama mtu kupewa njia ya kilomita 86, ambayo inakaribia kukufikisha Mtwapa kutoka hapa, akamaliza akiwa amepungukiwa na mita 10. Na amefika kwa chuma, jiwe na tone la mafuta. Sijui kazi nyingine ya mikono inayostahili heshima zaidi ya hiyo.

Mikono yenyewe sasa. Fundi saa wa pwani mara nyingi hukaa barazani mwa duka la mtu mwingine, nyuma ya kisanduku cha kioo chenye saa zilizopona na zinazosubiri. Bisibisi zake nyingine ni nyembamba kuliko sindano ya kushonea kofia. Ukimpa saa hakuulizi umeinunua wapi. Huiweka sikioni kwanza. Ikiwa imesimama, huizungusha taji nusu mzunguko, akasikiliza tena, kisha ndipo lenzi inapoingia jichoni na kifuniko cha nyuma kinapofunguka.

Kuna utaratibu ambao mwanafunzi akiuruka mara moja hatalirudia kosa hilo. Kabla ya kuung’oa ule uma, lazima nguvu yote iliyobaki kwenye kamani iachiwe kwa utaratibu, kidole kikiishikilia taji. Asipofanya hivyo magurudumu huzunguka kwa ghafla, na jino moja likivunjika hakuna gundi ya kulirudisha. Kisha kila kipande huoshwa kwa benzini na kukaushwa, na kurudishwa kwa kibano mahali pake. Mafuta hutiwa kwa ncha ya waya. Yakizidi hutambaa na kunasa vumbi, yakipungua chuma hulika. Nimesimama mbele ya visanduku hivyo nikitazama mafuta yakitiwa, na nasema bila kusita kwamba kiasi kile ni elimu. Hakipimwi kwa chombo chochote mezani pale. Kipo kwenye kifundo cha mkono.

Kwa mafundi wa huku kuna adui ambaye wenzao wa Nairobi hawamjui sana, nayo ni chumvi. Hewa ya bahari huingilia penye taji, maana hapo ndipo saa ilipo na mlango. Mpira mdogo unaoziba hapo ukishakauka, kutu huanzia kwenye ule mti wa taji na kutembea kuelekea kwenye kamani. Ndiyo maana saa iliyoishi Malindi miaka 40 ikabaki safi ndani ina thamani zaidi kwangu kuliko iliyokaa kabatini katika nchi ya baridi. Maana yake kuna mtu aliyekuwa akiivua kila anapotia miguu majini. “Saa haijafa hii,” fundi humwambia mteja aliyekata tamaa, “imekauka mafuta tu, mzee wangu.”

Halafu kuna upande wa ndani wa kile kifuniko. Mafundi wana desturi ya kukwaruza hapo alama ndogo, herufi au tarehe, kila wanapoisafisha saa. Mwenye saa hazioni. Zinaandikwa kwa ajili ya fundi atakayefuata. Saa moja inaweza kubeba alama za watu wanne au watano wasiofahamiana, kila mmoja akimwambia mwenziwe kwamba nilipita hapa, niliikuta hivi. Kitu hicho kiliundwa kikitazamia kuharibika, na kikitazamia pia kwamba atakuwepo mtu wa kukitengeneza. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo ambalo saa ya kisasa imelipoteza.

Siidharau ya kisasa. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko iliweka sokoni mjini Tokyo saa iitwayo Astron, ya kwanza ya mkono kuuzwa ikiendeshwa kwa kipande cha kwatzi. Iliuzwa yeni 450,000, bei ya gari dogo jipya. Kwatzi katika saa za siku hizi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja, na kwa uthabiti huo hakuna kamani inayoweza kushindana nayo. Katika miaka iliyofuata maelfu ya mafundi wa Uswisi walipoteza kazi. Lakini pia ndipo mtu wa kipato cha chini alipoweza kuvaa saa isiyokosea. Casio F-91W iliyotoka mwaka 1989 bado inauzwa, nyepesi, rahisi, na mvuvi akiivaa hana cha kuhofia mvua wala rasharasha za mawimbi. Hiyo ni kazi njema, nami naisifu.

Pwani yetu nayo imo katika historia hiyo ya wakati mpya. Aprili 1967 Waitaliano walirusha setilaiti yao San Marco 2 kutoka jukwaa la baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mwaka huohuo wataalamu wa vipimo duniani waliamua kwamba sekunde isipimwe tena kwa mwendo wa dunia na jua. Tangu hapo sekunde ni mitetemo 9,192,631,770 ya atomu ya metali iitwayo siziamu. Na tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, jukwaa hilohilo lilirusha setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Saa ya simu yangu leo inafuata wakati wa atomu. Nikitaka kuwahi gari la Mombasa, naitazama hiyo.

Tatizo langu na saa mpya za kioo, zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo, halihusu usahihi. Nyingi zimegandishwa kwa gundi. Betri ikichoka, au mtengenezaji akiacha kuihudumia programu yake, hakuna baraza la Malindi litakaloifufua. Fundi mwenye ujuzi wa miaka 30 anaitazama na kuirudisha, si kwa kushindwa, bali kwa sababu iliundwa asiwe na nafasi ndani yake. Tunaambiwa huo ndio ubora. Mimi naona ni kumnyima fundi kazi na kumnyima mtoto urithi.

Maana saa za zamani zilirithiwa. Seiko 5, iliyoanza mwaka 1963, hujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, na baadhi yake huandika jina la siku kwa Kiarabu na Kiingereza. Wenye jamaa Oman na nchi za Ghuba wanazijua vizuri. Kule Oman zipo pia zile zenye nembo ya jambia usoni, ambazo Sultan Qaboos alikuwa akizitunuku. Siku hizi hugombewa minadani Ulaya kwa bei za kutisha. Ni nzuri sana. Lakini ukinipa nichague kati ya hiyo iliyofungiwa sandukuni tangu ilipotolewa na Seiko 5 ya mwalimu mstaafu, kioo kimekwaruzika kwa chaki na mkanda umebadilishwa mara nyingi, nitachukua ya mwalimu. Saa hukamilishwa na mvaaji.

Kwa hiyo, msomaji, fungua droo. Kama ipo saa ya babu au ya shangazi iliyosimama, usiitikise, wala usiizungushe taji kwa nguvu kuijaribu, maana mafuta yaliyoganda huweza kuharibu ncha za magurudumu. Mpelekee fundi. Mwambie aisafishe ndani tu, na asiupake rangi uso wake hata ukiwa umeingia madoa, kwa kuwa uso uliopakwa upya haurudi tena ulivyokuwa. Mlipe anachostahili bila kumbana, kwani bei ya kusafisha ni bei ya siku yake nzima. Ikirudi, itie ufunguo kila asubuhi kwa wakati mmoja, na uivue kabla hujashuka Mida. Na kama nyumbani yupo kijana mwenye mkono mtulivu na subira, nenda naye siku hiyo, umwombe fundi amruhusu atazame. Mafundi hawa wanazeeka, na wengi wao hawana mwanafunzi.