Ukweli na Raha katika Tamasha la Ndege za Mwigo

Tamasha la ndege, msomaji, ni mchezo wa kutazamwa. Watu hukusanyika uwanjani, huinua nyuso zao juu, na marubani hodari huwaonyesha mambo ambayo abiria wa kawaida haombi kamwe kuyaona: ndege hupanda wima kama mshale, hugeuka tumbo juu, hupishana uso kwa uso, na huchora mbinguni kwa moshi wa rangi. Katika siku zetu tamasha hili limepata mdogo wake. Marubani wa tamasha hili dogo hawaondoki vitini. Mmoja yuko Ulaya, mwingine Marekani, wa tatu yamkini yuko katika chumba ambamo wazazi wake wanadhani anadurusu. Kila mmoja ameshika usukani mdogo mbele ya kompyuta yake, na kwa njia ya intaneti ndege zao zote hukutana katika anga moja isiyokuwako. Watazamaji nao hutazama katika skrini zao. Zana za mchezo huu ni programu za urubani kama vile Microsoft Flight Simulator, X-Plane na DCS World, ambazo huiga ndege, ardhi, upepo na mawingu kwa hesabu. Yako makundi yanayoiga timu za kweli, kama Red Arrows ya Uingereza, Thunderbirds ya Marekani na Frecce Tricolori ya Italia, na hufanya mazoezi kwa miezi mingi kwa ajili ya onyesho la dakika chache.

Wapenzi wa mchezo huu wamegawanyika mafungu mawili, na mabishano yao hayajapata kwisha. Fungu la kwanza hutaka kila jambo liwe sawasawa na lilivyo katika ndege ya chuma: uzito wa mafuta uhesabiwe, upepo usipunguzwe, injini ikitumiwa vibaya izime, na ndege mbili zikigusana zote mbili ziwe zimepotea. Fungu la pili hujibu kwamba mtu aliyeshinda kutwa kazini au darasani hakuja jioni ili ateswe tena. Amekuja kucheka na wenzake, na ikiwa mchezo wenyewe ni ndoto, kwa nini ndoto itiwe minyororo? Wa kwanza huwaona wa pili kuwa ni watoto, na wa pili huwaona wa kwanza kuwa ni makarani.

Mabishano haya yana umri mkubwa kuliko programu hizo. Katika mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye jamaa zake walikuwa na kiwanda cha vinanda huko Binghamton, jimbo la New York, aliunda kisanduku chenye mabawa mafupi, kilichoinama na kugeuka kwa nguvu ya mivukuto kama ile iliyotumiwa katika vinanda. Alipokiandikisha serikalini ili haki yake isiibiwe, alikitaja kuwa ni chombo cha kuwafundishia wanafunzi wa urubani na pia cha kuwaburudishia watu. Mambo mawili katika hati moja! Miongoni mwa wanunuzi wake wa mwanzo walikuwamo wenye viwanja vya starehe. Jeshi la Marekani halikukijali sana mpaka mwaka 1934, wakati marubani wake waliopewa kazi ya kuchukua barua walipokufa mmoja baada ya mwingine katika hali mbaya ya hewa. Ndipo liliponunua visanduku sita. Basi asije mtu akakuambia kwamba mwigo wa urubani ulizaliwa kwa ajili ya kazi peke yake, kisha raha ikaja kuuharibu. Kazi na raha zilizaliwa pacha.

Walakini pacha nao hugombana, na ugomvi huu hauamuliki kabla ya kuuliza jambo moja: mtazamaji wa tamasha la ndege hufurahishwa na nini hasa? Hafurahishwi na kuzunguka kwenyewe. Nzi hupiga vitanzi vingi hewani kuliko rubani yeyote, wala hakuna amlipiaye kiingilio. Mtazamaji hufurahi kwa sababu anakiona kitu kizito, chenye mipaka, kikifanya jambo gumu karibu kabisa na mpaka wake. Ukiuondoa mpaka, ugumu umeondoka. Na ugumu ukiondoka, limebaki zunguko la nzi.

Chukua mfano wa moshi wa Red Arrows. Timu hii huruka kwa ndege tisa aina ya Hawk, na moshi wake hupatikana kwa kumwaga dizeli katika hewa ya moto itokayo injini. Dizeli ikichanganywa na rangi, moshi huwa mwekundu au wa buluu. Kila ndege huchukua kiasi cha kutosha moshi mweupe wa dakika tano, mwekundu wa dakika moja na wa buluu wa dakika moja. Hakuna zaidi. Kwa hiyo aliyelitunga onyesho hilo amelazimika kukaa na kufikiri: dakika moja ya wekundu niitumie wapi? Nikiitawanya mwanzoni, mwisho wangu utakuwa maskini. Sasa angalia tamasha la mwigo ambalo moshi wake haupungui. Ndege huwasha rangi tangu kuondoka ardhini hata kutua, na baada ya dakika kumi mbingu yote imekuwa kama kitambaa kilichomwagikiwa wino. Mtazamaji hajui tena atazame nini. Huko si kukosa ukweli tu. Ni kukosa raha, kwa kuwa raha ya rangi hutokana na kuchaguliwa kwake.

Hali ya hewa nayo ni vivyo hivyo. Timu ya kweli huwa na maonyesho matatu tayari: moja lenye vitanzi virefu kwa siku ya mbingu wazi, moja la kubiringika kwa siku ya mawingu ya wastani, na moja bapa kwa siku ambayo mawingu yamekaa chini. Rubani hana ruhusa ya kuichagua mbingu. Wapangaji wa tamasha la mwigo wao huichagua, na aghalabu huchagua saa sita ya mchana isiyo na wingu wala upepo. Mimi hulisikitikia jambo hili kuliko mengine yote, maana programu za leo zaweza kuiga dhoruba vizuri mno, na kundi lililojizoeza kubadili onyesho lake wingu linaposhuka huwa limemwonyesha mtazamaji akili, si mikono tu.

Wewe uliyesoma ushairi shuleni huhitaji maelezo marefu hapa. Mshairi hukubali kufungwa na mizani nane kwa nane na vina vya kati na vya mwisho, wala hakuna aliyemlazimisha. Huyafanya hayo kwa sababu neno lililopata mahali pake ndani ya kifungo hicho humstarehesha msikilizaji kuliko neno lililotupwa ovyo. Lakini wamo pia watu wanaohesabu mizani barabara na shairi lao halisemi kitu, na hao wana ndugu zao wengi katika fungu la ukweli. Nimetazama maonyesho ambayo dakika ishirini za mwanzo ni marubani wakisomeana orodha za swichi, wakiomba ruhusa ya kuwasha injini na kungojana katika njia ya kurukia. Yote ni kweli tupu. Yote hufanyika hivyo katika uwanja wa ndege. Ila hata katika tamasha la kweli watazamaji hawasikilizishwi hayo. Hununua chakula, huzungumza, na husubiri kelele ya kwanza. Kuiga kazi pamoja na uchovu wake, kisha kuuita uchovu huo sanaa, ni kosa la kuhesabu mizani bila ya maana.

Fungu la raha nalo lisikilizwe kwa haki. Kuna kundi la marafiki ambao hupenda kuzichukua ndege kubwa za abiria na kuzipigisha vitanzi kumi pamoja, na wakicheka, kicheko chao ni halali. Siwanyimi. Neno langu ni kwamba kicheko hicho ni cha mara moja. Mwaka 1955, mwezi wa Agosti, rubani wa majaribio Tex Johnston aliibiringisha ndege kubwa ya Boeing iliyokuwa mfano wa kwanza wa 707 juu ya Ziwa Washington, karibu na Seattle, mbele ya watu waliokuja kutazama mashindano ya mashua. Aliibiringisha mara mbili. Mpaka leo filamu ya jambo hilo hutazamwa, na siri ya kudumu kwake ni hii: Johnston hakuivunja sheria yoyote ya maumbile. Aliizungusha ndege kwa namna ambayo mzigo juu ya mabawa yake haukuzidi sana ule wa safari ya kawaida. Rubani wa mwigo akiiga kitendo kile katika programu ambayo hesabu zake ni za kweli, akailinda ndege isishuke wala isilemewe, amefanya jambo la kuchekesha na la kustaajabisha pamoja. Akifanya hivyo katika programu iliyolegezwa, ambayo hata nyumba ingeweza kubiringika, amesukuma usukani tu.

Sasa tufike penye uzito. Katika maonyesho ya kweli kuna mstari ambao ndege haziruhusiwi kuuvuka kuelekea kwa watazamaji, na nguvu ya ndege haielekezwi kwao. Kanuni hizo hazikuandikwa na makarani wapenda karatasi. Huko Farnborough, Uingereza, mwaka 1952, ndege aina ya DH.110 ilikatika vipande angani. Walikufa rubani John Derry na mwenziwe Tony Richards, na watazamaji 29. Ramstein, Ujerumani, mwaka 1988, ndege tatu za Italia ziligongana na moja ikaangukia watu; waliokufa walikuwa 70. Sknyliv, karibu na mji wa Lviv, Ukraine, mwaka 2002, walikufa 77. Shoreham, Uingereza, mwaka 2015, ndege ya zamani aina ya Hawker Hunter ilishindwa kumaliza kitanzi, ikaanguka barabarani, na watu 11 wakapoteza maisha yao.

Katika skrini hakuna wa kufa. Je, mstari ule wafaa kitu gani huko? Fungu la raha husema haufai, na huzipitisha ndege juu ya vichwa vya watazamaji waliochorwa. Mimi nasema ubakie, lakini si kwa woga wa kuigiza. Ubakie kwa sababu umbo la ndege tisa hutungwa ili litazamwe kutoka mahali pamoja. Ukitazama kutoka kila upande, almasi huwa si almasi tena, ni ndege zilizotawanyika. Tena kuna adabu. Mtu anayeiga onyesho la Ramstein kwa ajili ya kucheka mgongano wake amesahau kwamba nakala yake ina makaburi.

Yapo mambo ambayo ukweli wake hauwezekani kabisa, na ni heri wapenzi wa ukweli wayakubali. Rubani akigeuza ndege kwa nguvu, uzito wa mwili wake huweza kuongezeka mara saba; kichwa cha kilo 5 huwa kama cha kilo 35, na damu huteremka miguuni. Kiti cha mwigo hakimlemei mtu. Programu nyingine hutia giza katika skrini ili kuonyesha kwamba rubani amezimia, na hiyo ni ishara tu, kama vile mchezaji wa jukwaani anavyoanguka aonekane amekufa. Kadhalika intaneti ina ucheleweshaji wake. Ndege inayokwenda mita 200 kwa sekunde, habari zake zikichelewa sehemu ya kumi ya sekunde, huonekana nyuma ya mahali pake kwa mita 20, ingawa timu za kweli huruka zikiachana mita chache tu. Programu hujaribu kuliziba pengo hilo kwa kukisia. Kwa hiyo kila rubani huiona safu iliyo tofauti kidogo na ile aionayo mwenzake, na programu nyingine huziacha ndege zipenyane kama vivuli.

Kutokana na udhia huo limezuka jambo ambalo naona ni baya kuliko ulegevu wote wa fungu la raha. Mtu mmoja huruka ndege ya kwanza na kuirekodi, kisha huruka ya pili kando ya rekodi ile, kisha ya tatu, hata akapata tisa. Halafu huwaonyesha watu kana kwamba ni marubani tisa walioruka pamoja saa ile. Akisema mapema kwamba ni kazi ya mtu mmoja, nitampongeza kwa subira yake. Akinyamaza, amewaibia watazamaji kitu kimoja walichokuja kukitafuta, yaani hatari ndogo iliyobaki katika mchezo usio na mauti: kwamba mmoja wa wale tisa aweza kukosea sasa hivi, mbele ya wote, na mazoezi ya miezi sita yakapotea.

Ukipata nafasi ya kutazama tamasha la namna hii, usimtazame sana kiongozi wa mbele. Mtazame yule wa nyuma kabisa, katikati ya safu, ambaye kosa la kila mwenzake humfikia. Kundi likiingia katika mpindo, angalia kama anayumba kidogo kisha anarudi mahali pake. Mayumbo yale madogo ndiyo yatakayokujulisha kwamba kuna mtu.