Protoni, Utando na ATP: Uzito wa Jaribio la Mwaka 1974

Kufikia katikati ya karne ya 20, wanasayansi walikwisha kufahamu kwamba seli huivunja glukosi hatua kwa hatua, na kwamba elektroni zinazotolewa katika uvunjaji huo hupokezanwa na msururu wa protini zilizomo katika utando wa ndani wa mitokondria, yaani vijiumbo vya seli ambamo oksijeni hutumika, hadi zinapoifikia oksijeni na maji kufanyika. Fumbo lilikuwa namna nishati ya elektroni hizo inavyoingia katika ATP, kemikali inayoundwa kwa kuiongezea ADP fosfeti, na ambayo huendesha karibu kila kazi ya seli.

Wengi waliamini kuwa lazima iwepo kemikali ya kati inayoibeba nishati hiyo, wakaisaka kwa miaka mingi bila kuipata. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alitoa nadharia isiyoihitaji kabisa kemikali hiyo: msururu wa elektroni husukuma protoni, yaani viini vya hidrojeni, kuvuka utando, na tofauti ya wingi na chaji baina ya pande mbili ndiyo akiba ya nishati, ambayo hutumika protoni zinaporudi kupitia kimeng'enya kiundacho ATP. Nadharia hiyo ilipingwa vikali.

Efraim Racker na Walther Stoeckenius, waliofanya kazi Marekani, walichapisha mwaka 1974 jaribio ambalo uzuri wake umo katika uchache wa vitu vilivyotumika. Katika vifuko vidogo vya fosfolipidi, aina ya mafuta yanayojenga utando, walipachika protini ya kiumbe wa seli moja aishiye kwenye chumvi kali, ambayo husukuma protoni inapopigwa na mwanga, pamoja na kimeng'enya cha ATP kutoka moyo wa ng'ombe. Vifuko vilipomulikwa, ATP iliundwa, ingawa msururu wa elektroni haukuwemo. Hapo ndipo hoja ilipokaza, kwa maana vitu hivyo viwili, ambavyo kwa asili havikai pamoja katika seli yoyote, visingeweza kudhaniwa kuwa na kemikali ya siri inayoviunganisha, na kilichobaki kuviunganisha kilikuwa protoni tu.

Mitchell alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978. Hata hivyo, jaribio hilo halikueleza jinsi mkondo wa protoni unavyoiunganisha ADP na fosfeti. Jibu lilikuja baadaye, ilipodhihirika kwamba sehemu ya kimeng'enya hicho huzunguka, na mwaka 2004 watafiti wa Japani wakaizungusha kwa sumaku, bila protoni, ikaunda ATP.