‘Kuja na’ mbegu si kuizalisha: Tafsiri sisisi yamkanganya mkulima

MAJUZI katika baraza moja huko Rongai, Kaunti ya Nakuru (si Ongata Rongai ya Kajiado, tafadhali), kijana mmoja aliwaambia wakulima: “Wataalamu wa Njoro wamekuja na mbegu mpya ya ngano.” Mzee aliyeketi karibu nami akainuka. “Wamekuja nayo? Sasa gari liko wapi, kijana wangu? Na mfuko ni pesa ngapi?”

Watu waliangua kicheko. Mimi sikucheka kwa sababu mzee ndiye aliyekielewa Kiswahili. ‘Kuja na’ ni kufika mahali ukiwa na kitu au mtu: amekuja na mkewe, njoo na kitambulisho. Kijana alikusudia kwamba mbegu hiyo imezalishwa kituoni, wala haijafika dukani.

Chanzo cha utata huu ni Kiingereza ‘come up with’. Maana yake ya wazi ni kupanda juu ukiwa na kitu. Ya kitamathali ni kuwaza hadi ukapata wazo, jibu au hata pesa. Wanahabari wetu wameitafsiri nusunusu, wakaidondosha ‘up’ njiani. Afadhali waliidondosha! Wangeitafsiri yote tungekuwa na viongozi ‘wanaokuja juu na suluhisho’, ilhali kwetu kuja juu ni kupandwa na hasira.

Ipo hoja kwamba lugha hukua kwa kukopa. Naikubali, ila mkopo huu unatufukarisha. Mtu hubuni mbinu, hutunga sheria, huanzisha mradi, huzua uongo. Aliyegundua kitu alikikuta tayari kipo. Chukua kutu ya shina la ngano aina ya Ug99, ambayo ilionekana Uganda mwaka 1998 na ambayo ngano hujaribiwa dhidi yake pale Njoro. Ukisema wanasayansi ‘wamekuja na Ug99’, umewasifu kwa kuigundua au umewashtaki kwa kuileta? Na mbunge ‘aliyekuja na mswada’ je, aliutunga au aliuwasilisha tu bungeni?

Yule mzee alifafanuliwa, akatulia. Kisha akauliza mbegu zenyewe zitafika Rongai lini, maana msimu haumngoji mtu.

“Tutakuja na tarehe,” kijana akamjibu.