Nguo na Njia Zake: Biashara na Mavazi katika Ujenzi wa Ulimwengu wa Kifantasia

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya biashara na mavazi katika bunilizi za kifantasia zenye sura ya Enzi za Kati. Inazitazama The Hobbit (1937) na The Lord of the Rings (1954–1955) za J. R. R. Tolkien, inazilinganisha na ushahidi wa kihistoria kuhusu pwani ya Waswahili, kisha inazigeukia Kusadikika na Adili na Nduguze za Shaaban Robert. Hoja kuu ni kwamba vazi hushawishi linapokuwa na njia inayoeleweka kutoka kwenye pamba, kondoo au mgodi hadi mwilini mwa mhusika, na kwamba njia hiyo humlazimu mwandishi kueleza ni nani aliyelipa gharama yake.

1. Utangulizi

Katika kuhakiki fantasia, ni rahisi kushughulikia uchawi, majini na vita, na kuyaacha mavazi yahesabiwe kuwa pambo. Msimamo huo hauridhishi. Mhusika anayeingia katika kisa akiwa amevaa joho la hariri ameshadai mambo mengi kabla hajatamka neno: kwamba mahali fulani wako nondo wa hariri, kwamba yuko mfumaji, kwamba iko barabara au bahari inayovukika, na kwamba yeye mwenyewe au jamaa yake alikuwa na kitu cha kutoa badala ya nguo hiyo. Mwandishi asipoyajua haya, msomaji huona vazi lililoning'inia hewani. Kwa hiyo biashara na mavazi havipaswi kutazamwa kama mada mbili. Mavazi ni biashara iliyokwisha kufika mwilini.

2. Mapipa, tumbaku na vizibao: mfano wa Tolkien

Tolkien hakuwa mwandishi wa uchumi, lakini pale anapoipa bidhaa njia, kisa chake hupata nguvu. Katika The Hobbit, mfalme wa elfu wa msituni hupata divai na bidhaa nyingine kupitia Mji wa Ziwani, na mapipa matupu hurudishwa kwa kuelea mtoni. Bilbo anawatorosha wenzake kwa kuwatia ndani ya mapipa hayo. Hapa biashara ndiyo mlango wa kutokea, kwa maana kama mapipa yasingekuwa na desturi ya kurudi, wafungwa wasingekuwa na njia. Katika The Lord of the Rings, hobiti wawili wanakuta katika ghala la Isengard lililoanguka mapipa ya tumbaku iliyotoka kwao Shire. Wanaifurahia na kuivuta, ilhali msomaji makini ameshaanza kujiuliza Saruman aliipataje. Jibu linakuja mwishoni mwa riwaya, wahusika wanaporudi nyumbani na kukuta mkono wake umeshafika huko. Pipa moja la tumbaku limefanya kazi ya mpelelezi.

Katika mavazi hali ni tofauti. Hobiti huvaa vizibao vyenye vifungo vya shaba na hubeba leso mfukoni. Sura yao ni ya wanakijiji wa Uingereza wa karne ya 19 kuliko watu wa Enzi za Kati. Mavazi yenye uzito mkubwa katika kisa, yaani majoho ya Lórien na fulana ya mithril, huja kwa njia ya zawadi. Hayanunuliwi. Gandalf anasema kwamba thamani ya fulana hiyo inapita ya Shire nzima na vyote vilivyomo, lakini Frodo aliipewa bure na Bilbo, ambaye naye alipewa. Zawadi inamwondolea mvaaji swali la bei. Hata hivyo Tolkien halifuti swali hilo kabisa: mithril ilichimbwa na vijeba wa Moria, na uchimbaji uliozidi kina ndio ulioamsha adui aliyewaangamiza. Vilevile majeshi ya Mordor hulishwa na mashamba ya watumwa yaliyo mbali kusini, ambayo msomaji hutajiwa tu bila kupelekwa. Gharama ipo, ila imewekwa nje ya jukwaa.

Tolkien alikuwa mwangalifu zaidi katika maneno. Alijifanya mfasiri wa kitabu cha kale, na katika The Lord of the Rings akapendelea jina la kubuni la mmea wa kuvuta badala ya neno la kawaida la tumbaku. Katika toleo la 1966 la The Hobbit aliondoa nyanya kwenye chakula cha Bilbo na kuweka achari, kwa kuwa nyanya ni zao la Amerika. Viazi, ambavyo vina asili hiyohiyo, vilibaki.

3. Enzi za Kati zilizo karibu

Mwandishi wa Kiswahili anayetaka ulimwengu wa namna hii halazimiki kuazima ngome zenye theluji na mavazi ya sufu. Pwani ya Afrika Mashariki ina Enzi za Kati zake, na mavazi ni sehemu kubwa ya kumbukumbu zake.

Ibn Battuta, aliyefika pwani hii mwaka 1331, anaeleza kwamba Mogadishu alipewa mavazi ya heshima: kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni, vazi la kitani cha Misri, joho lenye bitana la kitambaa cha Jerusalem, na kilemba cha Misri. Anaeleza pia kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa hadi Misri. Mwili wa mgeni mmoja unaonyesha njia mbili za bahari, moja ya kuja na nyingine ya kwenda, na namna ya kuvaa inabaki ya wenyeji, yaani shuka kiunoni badala ya suruali. Anaongeza kwamba kila mfanyabiashara aliyetia nanga alipokewa na mwenyeji maalumu, aliyemuuzia na kumnunulia mali yake. Kwa mtunzi, desturi hiyo ni hazina: uaminifu, usaliti, ndoa na madeni vyote vinaweza kuanzia katika nyumba ya mwenyeji, hasa kwa kuwa pepo za kaskazi na kusi humfanya mgeni angoje miezi kabla ya kuondoka.

Mfano wa pili unatoka Sofala. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anasema kwamba watu wa huko walifuma pamba yao nyeupe, na kwa kuwa hawakuwa na rangi za kutia, walizifumua nguo za rangi zilizotoka Cambay, India, wakazifuma upya nyuzi zake pamoja na nyuzi zao. Vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi vilivyochimbuliwa Kilwa vinathibitisha kwamba uzi ulisokotwa pwani. Picha ya Mwafrika anayesubiri tu nguo kutoka ng'ambo haiungwi mkono na ushahidi huu. Nguo ya kigeni ilikuwa malighafi ya fundi wa hapa.

Mfano wa tatu ndio mzito zaidi. Ibn Battuta anasimulia kwamba fakiri kutoka Yemen alimwomba Sultani wa Kilwa nguo alizokuwa amevaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Mwana wa Sultani akazikomboa nguo hizo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na Sultani aliposikia jinsi watu walivyousifu ukarimu huo, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msimulizi anakitoa kisa hiki kama sifa ya ukarimu. Msomaji wa leo anaona pia hesabu iliyomo: vazi moja limepimwa kwa watu kumi, ambao majina yao hayakuandikwa. Mtunzi atakayechukua hariri ya Kilwa na kuwaacha watu hao atakuwa amepamba, hajabuni.

4. Shaaban Robert na safari zisizo na shehena

Fasihi ya Kiswahili ina dunia za kubuni za muda mrefu. Kusadikika (1951) ni nchi iliyo angani, na wajumbe wake sita wanatumwa pande sita, wakirudi na maarifa na kutupwa gerezani. Ni safari zinazoleta mawazo, si bidhaa. Kwa istiara ya kisiasa hilo linafaa, kwani shehena ingeuvuta mjadala wa haki kuelekea kwenye mali. Katika Adili na Nduguze (1952) biashara inaingia ndani ya familia: ndugu wa Adili wanaharibikiwa katika safari zao za kutafuta mali, naye anawapokea, na wema wake unazaa husuda. Hapa faida na hasara ni vipimo vya tabia. Hakuna kasoro katika chaguo hilo, ila linaacha nafasi ambayo waandishi wa baadaye wanaweza kuijaza, nafasi ya soko lenye uzito wake wenyewe.

5. Tatizo la majina

Atakayejaribu atakutana na tatizo la lugha. Majina mengi ya nguo katika Kiswahili yana tarehe ndani yake. Leso limetokana na Kireno, kwa hiyo linakumbusha bahari ya baada ya 1498. Merikani ni kitambaa cha karne ya 19 kilichobeba jina la nchi kilikotoka. Kanga, ambayo leo inaonekana kuwa alama ya pwani tangu zamani, ilienea katika nusu ya pili ya karne hiyo. Malkia wa Kilwa ya kubuni akivalishwa kanga yenye jina, msomaji anayejua historia atatoka katika kisa kama anavyotoka mbele ya nyanya za Bilbo. Shuka, kilemba, joho na hariri havimtoi kwa urahisi hivyo. Lakini usafi kamili wa msamiati hauwezekani, na viazi vya Tolkien vinashuhudia. Kinachowezekana ni uamuzi wa makusudi: kila jina la nguo lichaguliwe huku mtunzi akijua limepita bandari gani.

6. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mapipa ya Tolkien yanafanikiwa kwa sababu yana njia, na kwamba mavazi yake makuu yanakwepa bei kwa kupitia zawadi. Kumbukumbu za pwani zinatoa kielelezo kingine, ambamo hata zawadi ina bei inayohesabika kwa watu na pembe. Kwa mhakiki, hatua inayofuata ni kuzisoma bunilizi za Kiswahili kwa kuuliza nani alisokota, nani alisafirisha na nani alitolewa badala ya nguo. Kwa mtunzi, maswali hayohayo yanaweza kuanza kazi kabla ya ramani na kabla ya uchawi.