Mbinu za kompakti: zipimwe kwa mawimbi, si kwa daraja tu

Ili kompyuta ikokotoe mtiririko wa hewa au maji, eneo hugawanywa kuwa nukta, kisha mteremko wa kasi na wa shinikizo hukadiriwa katika kila nukta. Tumezoea kuisifia mbinu ya makadirio kwa daraja lake: la pili, la nne, la sita. Kipimo hicho hakitoshi. Daraja linaeleza kosa litapungua kwa haraka kiasi gani nukta zikiongezwa. Halisemi mawimbi madogo yatatendewaje kwa nukta tulizo nazo. Sanjiva Lele aliliweka wazi jambo hili mwaka 1992 katika Journal of Computational Physics, alipozipima mbinu za kompakti, yaani zile zinazotafuta mteremko wa kila nukta pamoja na ule wa jirani zake, kwa uwezo wake wa kubeba mawimbi ya kila urefu.

Chukua wimbi lenye nukta nne tu katika urefu wake mmoja. Mbinu ya kawaida ya daraja la pili hupunja mteremko wake kwa takriban asilimia 36, na ya kawaida ya daraja la nne kwa asilimia 15. Ya kompakti, daraja lilelile la nne, hupunja asilimia 4.5 tu, na ikifika daraja la sita, karibu asilimia 1. Kwa daraja lilelile la nne, matokeo ni tofauti kabisa! Tofauti inatokana na ujirani: katika ya kompakti ya daraja la nne, robo ya mteremko wa nukta ya kushoto, mteremko wa nukta yenyewe na robo ya ule wa kulia hujumlishwa, na jumla hiyo hufanywa kuwa sawa na mara moja na nusu ya makadirio ya daraja la pili. Kwa hiyo miteremko ya mstari mzima hutafutwa kwa pamoja.

Wapo wanaosema hiyo ni gharama kubwa. Sivyo, kwani matriki ya milinganyo hiyo ina mistari mitatu tu ya mshazari yenye namba, na kazi huongezeka sawia na idadi ya nukta. Hoja nzito zaidi ni kwamba mstari mmoja ukigawanywa kati ya prosesa nyingi, hizo hulazimika kusubiriana. Programu ya Incompact3d hulikabili hilo kwa kukata eneo kuwa nguzo ndefu na kuhamisha data ili kila mstari ukae mzima kwenye prosesa moja. Uhamishaji huo nao una gharama, lakini inalipika. Penye mawimbi ya mshtuko nakubaliana na wapinzani: bila kichujio, mbinu hizi huzusha mitetemo ya uongo. Ukingoni pia jirani mmoja hukosekana, na usahihi kwa kawaida hushuka.

Kwa msukosuko laini katika umbo sahili, basi, kompakti ndiyo chaguo langu. Na anayetangaza mbinu mpya atuoneshe mchoro wa mawimbi yake kabla ya kututajia daraja.