Namna ya Kumpima Mwongoza Watalii Pwani ya Tanga

Tanga mjini huna haja ya mwongoza watalii. Barabara za Ngamiani zimepewa namba kwa mfuatano, kwa hiyo aliyefika Barabara ya Kumi hawezi kuikosa ya kumi na moja. Bajaji hazikosekani, na mwenye kuamkia watu vizuri ataelekezwa mpaka mlangoni. Pesa uliyotenga kwa ajili ya kuongozwa usiimalizie hapo. Itunze kwa ajili ya mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na fungu la mchanga la Maziwe. Huko kuongoza ni ufundi, na fundi hupimika.

Anza na leseni, maana Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka mwongoza watalii awe nayo. Kisha muulize bei inajumuisha nini: kiingilio, chombo, mafuta, chakula. Anayetaja kila kimoja kwa bei yake, na kukuambia ada za Serikali zina risiti, ameanza vizuri. Anayetaja jumla tu, muulize tena.

Amboni

Mapango haya ya mawe ya chokaa yako kilomita 8 hivi kaskazini ya mji, upande wa barabara ya Horohoro. Usiingie peke yako, kwani ndani ni giza na njia zinagawanyika. Utasimuliwa kwamba pango moja hutokea Mombasa na jingine chini ya Kilimanjaro. Hapo tega sikio. Wataalamu wa Ujerumani na Uturuki waliyapima mwaka 1994 wakakuta refu kuliko yote lina mita 900. Mwongozaji dhaifu hukupa ngano kama habari ya kweli. Wa kati huicheka. Fundi hukupa ngano yote, kwa sababu ni mali ya wenyeji, kisha hukupa kipimo, na hakuachi ukichanganya hivi viwili.

Mtazame pia mkifika penye mzimu, ambapo watu bado huja kuomba na kuacha sadaka zao. Akipunguza sauti na kukuzuia kugusa kitu, umempata mtu anayejua yuko wapi.

Tongoni

Hapa unaweza kwenda mwenyewe kwa gari la abiria la njia ya Pangani, maana si mbali. Utaona msikiti uliobomoka na makaburi kama 40, mengi yakiwa ya nguzo, ingawa nguzo nyingi zimeanguka. Kinachomfanya mwongozaji astahili malipo ni yale ambayo macho yako yangeyapita. Akuoneshe vishimo vilivyobaki ambamo bakuli za kauri zilipachikwa, akueleze vyombo hivyo vilifikaje kwa njia ya bahari, na biashara gani iliwapa watu wa hapa uwezo wa kuyapamba makaburi ya wafu wao hivyo. Akueleze kwamba Vasco da Gama aliteketeza merikebu yake mojawapo katika maji ya jirani mwaka 1499. Akikaa juu ya kaburi huku anasimulia, hesabu umepoteza pesa.

Maziwe

Mtihani mkubwa uko baharini. Maziwe, hifadhi tangu mwaka 1975, iko mbele ya Pangani na Ushongo. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kwa hiyo uliza swali moja tu: tutaondoka saa ngapi, na kwa nini? Anayejibu "saa yoyote upendayo" muage. Fundi atahesabu mwezi kwanza. Siku za bamvua maji hupwa sana asubuhi na fungu hutokeza lote. Siku za maji mafu huenda ukapata kipande tu cha kusimama. Atakuambia pia kwamba kusi likivuma kwa nguvu haendi, hata ukiongeza pesa.

Kabla ya kupanda, hesabu jaketi okozi na vichwa vya watu, na utazame kama nahodha mwenyewe ameridhika na mzigo. Mkifika, sikiliza anakukataza nini. Anayekuacha ukanyage matumbawe anakula mtaji wa wenzake. Anayejua kazi atakueleza kwamba kasa wakitaga Maziwe, mayai huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasije yakazama, na hatakuahidi kumwona kasa.

Hukumu yangu ni hii: mjini nenda mwenyewe, Tongoni chagua, ila ukiwa na muda chukua mwongozaji; Amboni na baharini usiende bila mtu anayejua. Na ukimpata wa kweli, usibishane naye bei mpaka umchoshe. Anayeikataa pesa yako leo kwa sababu bahari imechafuka, chukua namba yake ya simu, umsubiri, na ukienda naye mlipe haki yake yote.