Jiko Lisiloimbwa

Ushairi wa pwani haukuona haya kutaja chakula. Karamu zimo, sinia zimo, na tambuu ya baada ya kula imo. Kinachokosekana ni jiko. Msomaji anaweza kuzipitia tenzi nyingi za Lamu, Pate na Mombasa, akashiba kwa macho, asijue hata mara moja ni nani aliyekuna nazi wala moto ulipaliwa vipi.

Mfano ulio wazi ni Utendi wa Mwana Kupona, kwani hakuna wasia wa mama kwa binti unaojulikana kuliko huo. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga yapata mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima. Katika beti zake mia na ushei mama hachoki kueleza: nyumba ifagiliwe vipi, nywele zisukwe, mwili utiwe manukato, mume alalapo apepewe. Lakini afikapo kwenye chakula hupita mbio. Mume akiamka aandaliwe chakula bila ya kucheleweshwa; basi. Amri ipo, ujuzi haupo.

Aghalabu jibu litolewalo ni kwamba mapishi hayafunzwi kwa maneno, na jibu hilo lina uzito wake. Binti wa pwani hujifunza wali wa nazi kwa kusimama ubavuni mwa bibi yake. Huona mbuzi inavyokaliwa, kifumbu kinavyokamuliwa, tui la kwanza linavyowekwa kando na lile jepesi kutangulizwa chunguni. Maji hupimwa kwa fundo la kidole. Akiuliza chumvi ni kiasi gani, huambiwa, “Kiasi chake, mwanangu.” Hilo si jibu la kumkwepa mtoto. Kiasi hicho kimo katika kiganja cha bibi, na mtoto atakipata kiganjani mwake baada ya kuunguza chungu mara mbili tatu. Ndiyo maana binti aliyehamia Maskati au London hupiga simu nyumbani kuulizia kipimo, akatoka na neno lile lile, na wali wake ukatoka bokoboko.

Hata hivyo, jibu hilo halitoshi kumwelewa Mwana Kupona. Yeye alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na nyumba za namna hiyo zilikuwa na watumwa. Utendi wenyewe unamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Hapo ndipo ukimya wa jikoni unapobadilika sura. Ladha ambazo Mwana Hashima angezikumbuka uzeeni, kwa sehemu kubwa, huenda zilitoka katika mikono ambayo mama yake alimtaka akae nayo mbali. Wahakiki wamebishana sana juu ya utii wa mke kwa mume katika utendi huu. Ubeti wa watumwa wameupita haraka mno, kana kwamba ni jambo dogo la adabu za nyumbani. Si dogo. Unaeleza kwa nini kumbukumbu ya mapishi haikuandikwa: wenye ujuzi hawakuwa na kalamu, na wenye kalamu hawakuuhesabu kuwa elimu.

Ukitaka kuuona mkono wa mpishi, ni afadhali kumwendea Fumo Liyongo. Katika utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa yumo kifungoni, na chakula kizuri anacholetewa huliwa na walinzi. Kwa wimbo anaotumwa nao kijakazi Saada, mama anaelekezwa aoke mkate na kuficha tupa ndani yake. Mkate unaokwa wa wishwa, kwa kuwa hakuna mlinzi atakayeutamani. Walinzi wanaudharau, Liyongo anaupata, na ngoma ya gungu inafunika mlio wa tupa kwenye minyororo. Mara nyingi kisa hiki husomwa kama sifa ya werevu wa shujaa. Lakini werevu wa shujaa ungekuwa bure kama mama asingejua unga wa namna gani utamchukiza mlafi, na kama Saada asingeyabeba maneno bila ya kuyamwaga njiani. Ushairi wetu unaokoa maisha ya mtu kwa mapishi, na bado sifa zote zinamwendea mlaji.

Watunzi waliofuata wamelitumia jiko zaidi kwa fumbo. Chungu, mwiko na nazi vimejaa katika nyimbo za mapenzi na za kurushana roho, na mafumbo mengine ni matamu kweli. Ila chungu chenyewe hakipikwi kitu. Wala kisingizio cha arudhi hakisimami. Wimbo wa Liyongo umeibeba tupa katikati ya mkate ndani ya mizani zake bila ya kujikwaa. Mizani nane za utenzi, basi, hazishindwi kusema kwamba tui zito hutiwa wali unapokaribia kukauka, kisha chungu kifunikwe na makaa yapandishwe juu ya kifuniko. Mabibi wanaoweza kulisema hilo kwa vipimo vyao wangalipo Unguja, Pemba na Lamu. Wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtunzi yeyote.